Sonny Rollins: noti tatu, dakika kumi na moja

SOMOE: Karibuni tena, tupo Mtwara. Leo ni Sonny Rollins, mwanamuziki wa jazi wa Marekani, na saksafoni yake ya tenori. Kaka Issa, wapo wanaodhani noti zilikuwa zinamjia zenyewe.

ISSA: Hazikuja zenyewe, dada. Alizisaka. Amezaliwa New York mwaka 1930, mama yake mtu wa Visiwa vya Virgin, ndiyo maana kalipso, muziki wa Karibiani, imo kwenye wimbo "St. Thomas" wa albamu Saxophone Colossus ya 1956. Utotoni alivutwa na mpiga saksafoni Louis Jordan. Baadaye akachota kwa wapiga saksafoni wengine: sauti nene na ujuzi wa kodi (noti zinazokwenda pamoja) kwa Coleman Hawkins, na wepesi kwa Charlie Parker.

SOMOE: Na chake mwenyewe?

ISSA: Kung'ang'ania kifungu kidogo cha noti. Sikiliza "Blue 7", albamu hiyohiyo. Anashika noti chache, anazigeuzageuza kwa dakika kama 11, hazichoshi. Aliyezoea ngoma ya sindimba ataelewa upesi: pigo linarudi, linapoangukia panabadilika.

SOMOE: Mwenye saksafoni yake pale Mikindani aanzie wapi?

ISSA: Achukue so, mi, do kwenye muziki wa bluzi wenye mzunguko wa vipimo 12, metronomu (kipima mapigo) ikiwa 60 kwa dakika. Mzunguko wa kwanza abadilishe muda tu: aanzie pigo la pili, aiache mi, aivute do. Akifika kipimo cha 5, kodi inahamia fa yenye saba (F7). Hapo mi inashuka nusu toni, so na do zibaki palepale. Noti moja tu imesogea, na kifungu kizima kimepata rangi nyingine!

SOMOE: Wengi wanaharibu wapi?

ISSA: Wanaogopa kimya. Kifungu kikiisha wanajaza skeli (noti za kupanda na kushuka mfululizo), pumzi inakata, noti ya mwisho inalegea na kushuka. Acha mapigo mawili matupu, vuta hewa ya tumboni.

SOMOE: Na ridi jamani, ule ubapa mwembamba unaotikisika kwenye kipulizio, msizitese. Ikikauka vibaya ncha inapinda kama wimbi, hewa inapenya, saksafoni inapiga mluzi. Anayeanza atumie namba 2 au 2 na nusu. Ilowanishe dakika moja, ifunge hadi kipulizio kichungulie juu ya ncha kwa unene wa unywele. Ukimaliza ivue, ifute, ilaze bapa kwenye kasha lake.

ISSA: Rollins mwenyewe alirudi shuleni, kwa namna yake. Mwaka 1959, jina likiwa juu, aliacha majukwaa. Hadi 1961 akawa anapulizia kwenye daraja la Williamsburg, hukohuko New York, asiwasumbue majirani. Treni zinapita, meli zinapiga honi, huwezi kupuliza kwa woga pale.

SOMOE: Kwetu ufukwe upo.

ISSA: Upo, lakini simama kwenye sakafu, mbali na mchanga. Chembe moja ikikaa chini ya pedi (kifuniko laini cha tundu la saksafoni), haifungi sawasawa, na noti za chini hazitoki.