Gunia Lina Debe Ngapi?

Mhadhara kwa wanafunzi wa vyuo vya Dodoma kuhusu kazi ya taasisi ya utafiti wa sera

Mbukwenyi! Haya, nimewasikia mpaka wa nyuma.

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri, wanafunzi. Nimeombwa nieleze taasisi ya sera ya serikali inafanyaje kazi, na mwanafunzi anaingilia wapi. Sehemu ya kwanza nitaipita mbio, maana nyie wa Chuo cha Mipango na nyie wa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, mmefundishwa mzunguko wa sera mpaka mnauota. Wizara inaleta swali. Tunaandika hadidu za rejea, tunatunga dodoso, tunalijaribu, tunakwenda vijijini. Takwimu zinasafishwa, zinachambuliwa, rasimu inapelekwa kwenye kikao cha uthibitisho, na mwisho unatoka muhtasari wa sera wa kurasa nne ambao katibu mkuu atausoma akiwa kwenye gari anatoka Mtumba, kwenye mji wa serikali. Kurasa nne. Ya tano haisomwi.

Ninalotaka kukaa nalo ni hilo la pili. Mwanafunzi yuko wapi katika mnyororo huo? Nimelisema kwenye vikao vingi na leo nalisema tena. Mwanafunzi anaitwa mara mbili. Mara ya kwanza anaitwa kuwa mdadisi: anapewa kishikwambi na posho, anaambiwa jaza. Mara ya pili ni siku ya kikao cha uthibitisho: anakaa viti vya nyuma, anapewa chupa ya maji, anapiga makofi, anapigwa picha, na kwenye ripoti tunaandika "vijana walishirikishwa". Walishirikishwa nini? Maamuzi yote makubwa yalishafanyika miezi mitano nyuma, ndani ya chumba kimoja, chumba cha kutunga dodoso. Ukishaamua utauliza nini, umeshaamua utasikia nini. Na chumba hicho mwanafunzi hajawahi kukiona.

Nitawaambia ya Kongwa. Wapo mlionisikia nikiisimulia. Vumilieni, nitaendelea kuisimulia mpaka mambo yabadilike.

Tulikuwa na utafiti wa mapato ya wakulima wa mahindi, vijiji vya jirani na Kibaigwa. Soko la Kibaigwa mnalijua, wengi mmepita pale na basi la Morogoro mkayaona malori na vumbi lake. Dodoso letu lilikuwa na swali ambalo hadi leo nalijua kwa moyo: "Msimu uliopita kaya yako ilivuna magunia mangapi ya mahindi?" Mbele yake kisanduku kimoja. Ofisini tulishakubaliana kwamba gunia ni kilo 100. Programu inazidisha yenyewe, mdadisi hana la kufikiri.

Kwenye timu yangu alikuwepo binti wa mwaka wa tatu, yuko kwenye mafunzo kwa vitendo. Baba yake ni mbeba mizigo sokoni; miaka yote amepakia na kushusha magunia kwa mgongo wake. Siku ya kwanza, nyumba ya kwanza, mzee wa watu akasema, "Nilipata kumi na mawili." Binti hakujaza. Akamuuliza, "Babu, ni gunia la kuweka ndani au gunia la kuuza?"

Mzee akamtazama vizuri, akamvutia kigoda karibu. "Sasa umeuliza, mjukuu wangu."

Mimi msimamizi nilikuwa nimesimama pembeni. Jua linapanda, kaya zimebaki nyingi. Nikamwambia aandike 12 twende. Akaandika 12. Lakini akatoa daftari lake mwenyewe, na pembeni ya ukurasa akaandika debe.

Jioni, kwenye nyumba ya wageni, akaniletea lile daftari. Kaya tisa, kila kaya safu mbili. Gunia la ndani, debe sita. Gunia la kuuza, debe nane. Tisa zote, hivyo hivyo. Sikulala vizuri.

Kesho yake tukaazima mizani ya kuning'iniza, tukaifunga kwenye boriti la banda la yule mzee. Gunia la ndani likasoma kilo 105. Halafu kijana wa pale akachukua gunia tupu, akalijaza mpaka mdomoni, akalishindilia kwa goti, akalitikisa, akaongeza. Gunia limejaa, na bado anaongeza. Akaweka kichuguu juu ya mdomo, akakizungushia kamba ya katani na kukishona kwa sindano kubwa mpaka kikasimama kama nundu ya ng'ombe. Lumbesa. Watu watatu walilinyanyua. Mizani ikasoma 140.

Sasa fanyeni hesabu na mimi. Mzee aliuza gunia hilo shilingi 70,000. Kwa programu yetu, alipata shilingi 700 kwa kilo. Kwa mizani, alipata 500. Shilingi 200 kwa kila kilo tulikuwa tumempa mzee kwenye karatasi, na mfukoni hanazo. Tungeandika kwenye ule muhtasari wa kurasa nne kwamba bei ya shambani Kongwa ni ya kuridhisha. Waziri angelisimamia bungeni kwa nia njema kabisa. Na mzee, na redio yake pale chini ya mti, angebaki anajiuliza hiyo inayosemwa ni Kongwa ipi.

Mtu ataniambia lumbesa imekatazwa. Ndiyo, Sheria ya Vipimo ipo na Wakala wa Vipimo wapo kazini. Na hapo ndipo tulipokosea! Kwa kuwa imekatazwa, ofisini tuliichukulia kwamba haipo. Hakuna hata mmoja wetu, na mle chumbani walikuwemo wenye shahada tatu tatu, aliyewahi kulishika gunia likiwa linashonwa. Dodoso tulilijaribu kwa wafanyakazi wenzetu. Wakalijibu bila shida, kwa sababu nao walijua gunia lilelile la kwenye karatasi.

Na hapo sijagusa alizeti, ambayo gunia lake la kawaida halifiki hata kilo 70, na kwenye programu yetu nayo ilikuwa inazidishwa kwa 100. Wala sijagusa mahindi mabichi, yale ya kuchoma na ya kuchemsha ambayo kaya imekula wiki nzima kabla ya kuvuna. Hayo hayaingii kwenye gunia lolote, la ndani wala la kuuza, na ndiyo yaliyowavusha watoto miezi ya njaa.

Tulirudi kaya zote tulizokwisha kupita. Siku mbili zaidi, mafuta ya gari zaidi, na barua ndefu ya maelezo kwa mhasibu. Swali moja likawa manne: mlivuna magunia mangapi, gunia lenu lina debe ngapi, mliuza mangapi, na gunia la kuuza lina debe ngapi. Jina la binti likaingia kwenye ripoti, ukurasa wa shukrani. Mimi nilitaka liwe ukurasa wa waandishi. Nililipigania na nikashindwa, na bado naona halikuwa jambo la haki.

Najua yupo anayesema moyoni: huyo alibahatika, baba yake mbeba mizigo. Hapana, wanangu. Kila mmoja humu ndani analo gunia lake. Wewe ambaye mama yako anauza mboga Majengo, unajua kwamba kiangazi fungu la mchicha linapungua na bei inabaki palepale. Anayefuatilia mfumuko wa bei kwa kuuliza bei tu, bila kulipima fungu, ataandika kwamba mchicha haujapanda. Wewe ambaye kaka yako anaendesha bodaboda, unajua kwamba ukimuuliza "kwa siku unapata shilingi ngapi" lazima useme ni kabla au baada ya kutoa hesabu ya bosi. Bila hivyo utamwandika tajiri mtu ambaye jioni anakopa chipsi. Hayo mnayajua bila kufundishwa. Ninachodai ni kwamba mje kuyasema wakati dodoso bado ni rasimu.

Mwingine anasema taarifa za serikali ni siri, mwanafunzi atazitoa nje. Taarifa za mtu binafsi zinalindwa na Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015, na ni haki zilindwe. Lakini Sensa ya 2022 iliendeshwa na nani? Vijana kwa maelfu walikula kiapo cha kutunza siri, wakapita mlango kwa mlango, wakatuletea watu 61,741,120, kati yao 3,085,625 wa mkoa wetu huu. Kijana tuliyemwamini aingie chumbani kwa watu aulize nani kalala humo na nani kafariki mwaka huu, tunashindwaje kumwamini aone rasimu ya maswali?

Wenzangu wa ofisini, namwona mmoja pale, hoja yao ni muda. Hii ni hoja ya kweli, nitaijibu vizuri. Bunge la bajeti linaanza Aprili, hapa hapa mjini kwetu. Bajeti kuu inasomwa Juni. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Andiko likifika wizarani Mei, hata liwe zuri namna gani, linakuta vitabu vimeshafungwa na linasubiri mwaka mzima. Kwa hiyo maswali ya bajeti ijayo yanatakiwa kutungwa kati ya Julai na Septemba, mahindi yakiwa ndani, mkulima akiwa bado anakumbuka alivuna nini na alimuuzia nani. Na nyie fildi zenu ni lini? Julai mpaka Septemba! Kalenda zimeshalingana. Kinachotokea ni kwamba mwanafunzi anakuja Julai na barua yake ya utambulisho, anakabidhiwa mafaili ayapange kwa namba, mpaka wiki nane zinakwisha. Chumba cha dodoso kiko mlango wa tatu kutoka pale alipokaa.

Mwenyekiti ananionyesha karatasi, nimeiona. Nilikuwa na mambo mengine matatu, nitayataja tu.

Lugha. Muhtasari wa sera uandikwe kwanza kwa Kiswahili. Diwani anayepiga kura kwenye baraza la halmashauri anajadili kwa Kiswahili, tunampelekea karatasi ya Kiingereza kisha tunashangaa haitumiki. Hili linahitaji siku yake.

Tasnifu zenu. Ukishasahihishiwa, itoe kurasa nne, ipeleke kwenye halmashauri uliyofanyia utafiti. Mtendaji wa kijiji aliyekutembeza juani hajawahi kuona ulichoandika.

Dira ya Taifa ya Maendeleo, Dira 2050, iliyozinduliwa hapa Dodoma Julai 2025, inalenga uchumi wa dola trilioni 1. Mahindi ya yule mzee yamo ndani ya hesabu hiyo. Mtakaoifuatilia hesabu mpaka mwaka huo ni nyie, mimi sitakuwepo, kwa hiyo muulize mapema inahesabiwa kwa gunia lipi.

Basi. Taasisi yetu mwaka huu imekubali nafasi sita za wanafunzi kwenye utungaji wa dodoso, tangu siku ya kwanza. Nilitaka ishirini, nimepewa sita, nazichukua. Utafiti ni wa mapato ya kaya, wilaya za Kongwa na Chamwino. Mwenye nia aache barua yake mezani pale mlangoni kabla hajatoka, na nyuma ya barua aandike kitu kimoja kinachopimwa vibaya kwao nyumbani. Hicho ndicho nitakachokisoma kwanza. Tunaanza Jumatatu saa mbili asubuhi, na mizani nimeshanunua.