Tazama Msamba Kabla ya Kusoma Mita

Wauguzi na wataalamu wa fiziotherapia wa Nairobi, nimelisema hili mara nyingi, na leo nalirudia: kipimashinikizo, kile cha kupimia nguvu ya misuli ya sakafu ya nyonga (inayoshikilia kibofu na kuzuia mkojo), hakijui kutofautisha kubana misuli hiyo na kusukuma chini.

Tangu Arnold Kegel wa Marekani alipoandika kuhusu perineomita, yaani kipimashinikizo chake cha ukeni, mwaka 1948, kazi ni ile ile. Kipira chenye hewa huingizwa ukeni, mrija ukapeleka shinikizo kwenye mita. Mama akibana, namba hupanda. Lakini akijikamua kama yuko leba, tumbo hukigandamiza kipira hicho hicho na namba hupanda vilevile, pengine zaidi! Unaandika "nguvu nzuri", naye anakwenda nyumbani kufanya mazoezi ya kusukuma chini kibofu kilekile kinachovuja.

Kwa hiyo, kwanza akojoe. Akikubali kupimwa, alale chali, magoti juu. Mwambie: "Mama, zuia ushuzi na mkojo kwa pamoja, vuta ndani, huku unapumua." Sasa tazama msamba, yaani sehemu iliyo kati ya uke na mkundu. Ukiingia ndani, amebana. Ukitokeza nje, amesukuma, na namba hiyo usiiandike popote. Makalio yakiinuka kitandani au pumzi ikikatika, mwelekeze upya. Kisha ingiza ukeni kidole chenye glavu na jeli, upime mbano kwa kipimo cha Oksifodi, yaani alama za nguvu ya misuli kutoka 0 hadi 5. Kuanzia 3 utahisi kidole kikiinuliwa.

Mtasema foleni ya kliniki ni ndefu, na kidole ni maoni tu. Ni kweli, wapimaji wawili hutofautiana, ndiyo maana mashine inahitajika. Ila kidole na macho ndivyo vinavyosema mashine imepima nini.

Kipira kikae katikati yake kama sentimita 3.5 kutoka mlango wa uke. Kikizama zaidi, kinasoma tumbo. Soma akiwa ametulia, ndipo abane mara tatu, apumzike kila baada ya moja. Namba za mashine mbili usizilinganishe, maana ukubwa wa kipira hubadilisha shinikizo.

Kwa haraka sasa, njia nyingine za kupima: vipimo vya umeme wa misuli husoma maikrovolti, si nguvu, na hudakia umeme wa mapaja na makalio. Ultrasaundi ya msamba huonyesha shingo ya kibofu ikipanda au ikishuka bila kuingiza kitu ukeni. Na kondomu ya kufunika kipira iwe mpya kwa kila mama. Muulize kwanza kama mpira humletea mzio.