Ung'avu wa Skrini, Giza la Karatasi

Wapiga picha wenzangu, habari za asubuhi.

Miaka ya nyuma nilipeleka picha za albamu ya harusi zikasafishwe. Kwenye skrini uso wa bibi harusi ulimeremeta. Picha ziliporudi, uso ulikuwa umezama gizani, na buluu ya sare za wasimamizi imekuwa zambarau. Nilimlaumu fundi wa mashine. Kumbe kosa lilikuwa mezani kwangu.

Skrini inatoa nuru yake yenyewe. Karatasi inaazima nuru ya chumba. Skrini huchanganya nuru nyekundu, kijani na buluu, na zikijumlishwa zote hupata nyeupe. Wino hufanya kinyume: unameza sehemu ya nuru na kurudisha inayobaki. Kwa hiyo zipo buluu kali ambazo wino hauzifikii, hata printa iwe ya bei gani.

Lakini lile giza la uso lina sababu nyingine, na hapa naomba mnisikilize sana. Skrini nyingi hutoka dukani ziking'aa mno. Kandela (kipimo cha mng'ao) 250 au 300 kwa mita ya mraba ni jambo la kawaida. Kwa kazi ya kuchapa, 80 hadi 120 zinatosha. Skrini ikizidi, picha yenye giza huonekana sawa, na wewe huiongezi nuru. Au mbaya zaidi, unaipunguza! Ngozi zetu nyeusi ndizo zinazoumia kwanza, kwa sababu uzuri wake umo kwenye vivuli, na vivuli ndivyo karatasi inavyovipoteza. Mteja wetu hastahili hilo.

Basi punguza mwanga wa skrini kabla ya kununua chochote. Ukipata fedha, nunua kipima rangi: unakilaza juu ya kioo, kinasoma rangi, programu inatengeneza profaili, yaani faili inayoeleza jinsi skrini yako inavyoonyesha rangi. Faili za studio ya kusafisha picha zitume katika sRGB, mfumo wa rangi uliotolewa mwaka 1996 na HP na Microsoft, isipokuwa wakuambie vinginevyo. Adobe RGB, mfumo mwingine wa rangi, ina rangi nyingi zaidi, lakini mashine isiyoisoma vizuri hutoa picha iliyopauka. Waombe pia profaili ya karatasi yao, uione picha itakavyotoka kabla ya kulipa.

Taa nayo ina neno. Wachapaji hukagua kazi chini ya nuru ya kelvini (kipimo cha rangi ya nuru) 5000. Balbu ya manjano ya sebuleni hubadilisha kila kitu. Kila mmoja amekuja na picha moja, sivyo? Tusogee nazo dirishani, kisha tuzirudishe chini ya balbu ile.