Chuchu Zimepasuka? Tuanze na Mdomo wa Mtoto, Mafuta Baadaye

Hamjambo wamama, karibuni. Leo tuko Kisumu, joto limeshika kama kawaida, na mkisikia honi huko nje ni bodaboda wa stejini, hao siwezi kuwazima. Mezani nina mwanasesere wa kitambaa, soksi niliyoijaza pamba ikawa titi, mto, leso mbili, kikombe kidogo, na pedi za matiti ninazoshona na kuuza. Nikuambie mapema, kabla hujauliza bei: pedi haiponyi chuchu. Lanolini, yale mafuta mazito ya kupaka chuchu, nayo haitaiponya ikiwa mtoto anaibana palepale kila akinyonya. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 usiku na mchana. Kidonda gani kitapona kikisuguliwa mara 12 kwa siku? Ndiyo maana sehemu kubwa ya video hii ni ya mdomo wa mtoto.

Osha mikono. Kaa, mto nyuma ya mgongo, miguu ikanyage chini. Kama kiti ni kirefu, weka kigoda. Tuendelee.

Kwanza angalia chuchu mara tu mtoto anapoiachia. Mdogo wangu, sogeza simu hapa. Karibu zaidi. Usiniwekee kivuli. Haya. Chuchu iliyonyonywa vizuri inatoka imerefuka kidogo lakini bado ni ya mviringo. Ikitoka imelala upande mmoja kama ncha ya lipstiki, au ina mstari mweupe katikati, ujue mtoto alishika chuchu tupu. Hebu pitisha ulimi wako juu ndani ya kinywa, sasa hivi, hakuna anayekuona. Nyuma ya meno pako pagumu, pana mikunjo. Ukirudisha ulimi nyuma zaidi, panalainika. Chuchu inatakiwa ifike huko kwenye ulaini. Ikibaki mbele, mtoto anaisaga kati ya ulimi na pale pagumu, na hapo ndipo ufa unapoanzia.

Uchungu wa siku za mwanzo, ule unaouma mtoto anaposhika kisha unatulia ukihesabu moja hadi thelathini, wamama wengi wanaupata, na hupungua kadiri wiki ya kwanza inavyokwisha. Lakini ukifika thelathini na bado umekunja vidole vya miguu, mtoe umshikishe upya. Usivumilie ati kwa sababu shangazi alisema kunyonyesha ndivyo kulivyo.

Na kumtoa, sikilizeni, nitarudia mpaka mnichoke: kidole kwanza. Kidole kidogo, safi, kucha fupi. Kiingize pembeni mwa mdomo, kipite katikati ya fizi na fizi, mpaka usikie hewa imeingia. Hapo wengi wanaharibu: wakisikia ile "pwa", wanachomoa kidole haraka, mtoto anafunga fizi tena na chuchu bado iko ndani. Kidole kibaki. Kinailinda chuchu mpaka iwe nje kabisa, ndipo ukitoe. Ukimvuta mtoto bila kidole, ufa wa jana unafunguka upya.

Sasa kumshikisha. Mtoto ageuke mwili mzima, tumbo lake kwa tumbo lako. Sikio, bega na nyonga viwe mstari mmoja. Mtoto aliyelala chali huku kichwa kimegeuzwa kwako, wewe jaribu kunywa chai hivyo uone utakavyomeza. Vuta makalio yake karibu nawe. Shika shingo na mabega, usishike kisogo, kwa sababu ukisukuma kisogo kidevu kinazama kifuani na mdomo haupanuki. Pua yake iwe mbele ya chuchu. Pua, si mdomo. Chuchu imguse juu ya mdomo, naye atainua uso kuitafuta.

Halafu ngoja. Atafungua kidogo, usimpe. Atalambalamba, usimpe. Ngoja apige mwayo hasa, mdomo wazi kama ndege kwenye kiota, ndipo umlete upesi, kidevu kikitangulia kugusa titi. Mlete mtoto kwenye titi, usiinamishe titi kumfuata, mgongo utakudai jioni. Akishashika, weusi unaozunguka chuchu uonekane zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Mdomo wa chini uwe umepinduka nje, kidevu kimezama kwenye titi, mashavu yamejaa. Ukiona mashavu yanabonyea, au unasikia ulimi ukialika "ta, ta, ta", hajashika. Kidole kwanza, mtoe, anza tena. Mara tano si nyingi.

Mwanasesere huyu mdomo wake ni uzi tu, haufunguki, kwa hivyo nitumie... ndiyo, lete ile chapati. Ukikunja chapati na maharage ndani ikawa nene, unaibana kwanza, na unaibana kwa kufuata mstari wa midomo yako. Huwezi kuibana wima ukaila. Titi ni hivyohivyo. Mtoto akilala mbele yako kwa ubavu, midomo yake imesimama wima, kwa hivyo mkono wako utokee chini ya titi: gumba upande mmoja, vidole upande wa pili. Vikae mbali na weusi, usibane chuchu kwa vidole viwili kama mshika sigara.

Ukimweka kwapani, midomo imelala, basi gumba likae juu na vidole chini. Huo mkao wa kwapani ni kama mtu anayepeleka kuku kwa wakwe: mwili umepita chini ya mkono wako, miguu nyuma, kichwa mbele. Mimi naupenda kuliko yote, hasa kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, maana mtoto halalii mshono. Tena unahamisha mahali fizi zinapobana, kile kidonda kikapumzika. Mdogo wangu, usiile hiyo chapati, bado nina kazi nayo.

Stima zimepotea. Haya, dirisha litatosha. Njoo huku. Mnaniona?

Kama titi limejaa likawa gumu kama jiwe, mara nyingi siku ya tatu hadi ya tano maziwa yanapoingia, mtoto hawezi kushika kitu kilichotuna. Anateleza anabaki na ncha. Weka ncha za vidole kuzunguka chuchu, pale inapoanzia, ukandamize taratibu kuelekea kifuani kwa dakika moja hivi, mpaka weusi ulainike. Au kamua kidogo tu. Kisha mpe hapohapo, usingoje.

Anza na titi lisiloumia sana, kwa kuwa mtoto mwenye njaa huvuta kwa nguvu mwanzoni. Nikimtoa sasa hivi kwa mfano naona... ala! Mnaona mkono umenitangulia? Nimevuta bila kidole. Ni soksi, haikulia. Wewe ungelia. Kidole kwanza.

Akimaliza, kamua matone mawili matatu ya mwisho, yapake kwenye chuchu, yaache yakauke kwa hewa. Kisha lanolini iliyosafishwa, kiasi cha punje ya pojo, uilainishe kati ya vidole kabla ya kuipaka, maana ni nzito na ukiisugua ikiwa baridi unakwangua kidonda. Huhitaji kuifuta mtoto akirudi. Ukijua sufu inakuwasha, iache, nayo hutoka kwa kondoo. Usioshe chuchu kwa sabuni kila mara, maji ya kuoga yanatosha.

Dawa za majirani: asali hapana, hata tone, kwa mtoto asiyefika mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu inayolegeza misuli yake. Dawa ya meno hapana. Mafuta ya kuchua hapana. Ile dawa ya zambarau, jenshiani vayoleti (GV), usijipake bila kuambiwa na mhudumu wa afya.

Uchungu ukizidi, paraseta­moli inaruhusiwa ukinyonyesha, fuata kipimo cha pakiti. Kama huwezi kabisa kuvumilia, pumzisha titi hilo kwa minyonyo michache lakini ulikamue kwa mkono kila wakati ambao mtoto angenyonya. Gumba na kidole vikae kama sentimita 3 nyuma ya chuchu, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usiteleze vidole kwenye ngozi. Mpe kwa kikombe hiki, ukingo uguse mdomo wake wa chini, alambe mwenyewe, usimmiminie. Kwa joto letu la Kisumu usiyaache maziwa hayo mezani kwa muda unaozidi masaa manne.

Damu kidogo kwenye maziwa, au mtoto akicheua michirizi myekundu iliyotoka kwenye chuchu yako, kwa kawaida haimdhuru. Lakini mama anayeishi na virusi vya ukimwi, hapa mambo ni tofauti. Titi lenye ufa au damu usimpe. Mnyonyeshe kwa lile zima, la kidonda ulikamue umwage, dawa zako usiruke hata siku moja, na kliniki uende haraka. Yakiwa yote mawili yana vidonda, nenda leo hii wakuonyeshe namna ya kumlisha.

Nenda pia ukiona chuchu inang'aa, inachoma kama pilipili hata baada ya kunyonyesha, na mtoto ana utando mweupe kinywani usiofutika. Hiyo ni fangasi, na mnatibiwa wote wawili, la sivyo mnarudishiana. Titi likiwa na sehemu nyekundu ya moto, na homa na kutetemeka, usingoje kesho, na usiache kutoa maziwa, yakituama yanazidisha. Na kama umeshikisha kwa njia zote hizi siku tatu na bado anabana, aangaliwe chini ya ulimi. Wengine uzi wa pale ni mfupi, ulimi hautoki nje ya fizi.

Sasa pedi. Ya kwangu ni duara la sentimita 12, tabaka tatu za pamba, bila plastiki nyuma, maana plastiki inafungia unyevu na jasho. Ukiwa na fulana kuukuu ya pamba, kata ushone mwenyewe, sikasiriki. Badilisha kila ikilowa, fua kwa maji moto, anika juani.

Na ukiamka asubuhi ukute imegandamana na kidonda, usiibandue! Lowesha kwa maji ya uvuguvugu, hapa, pembeni kwanza, ngoja kama dakika moja. Ikianza kuteleza yenyewe, hivi, ndipo uinue kutoka ukingoni. Ikikataa, ongeza maji. Usiku wa leo paka lanolini kabla ya kuiweka, kesho haitashika.

Stima zimerudi. Mdogo wangu, chapati iko wapi?