Sweta Kuukuu na Rimu Bovu: Tufume Pambo la Ukutani

Hamjambo watazamaji. Mnaiona hii rimu? Fundi baiskeli alikuwa ameitupa nyuma ya kibanda, spoku zote zimeng'olewa. Leo ndiyo kitanda chetu cha kufumia, na nyuzi tutazitoa kwenye sweta za mtumba.

Tuanze na sweta, maana hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Ukifika Gikomba, lile soko la mitumba la Nairobi, rangi isikubabaishe. Geuza sweta nje ndani utazame mshono wa ubavuni. Ukiona ukingo umekatwa ukapigwa ovaloki, irudishe. Hiyo ukiifumua utaambulia vipande vifupi, kwa sababu kila mstari umekatwa kando. Tafuta yenye kingo nzima, zilizoshonwa tu pamoja.

Lebo haipo? Kata uzi kidogo, ushike kwa kibano juu ya sinki, washa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni yakishapoa. Akriliki, yaani uzi wa plastiki, huyeyuka ikaacha kishanga kigumu. Nayo siitupi, ila naiweka pembeni kwanza. Na sweta ya sufu iliyofuliwa kwa maji moto ikasinyaa, msihangaike nayo: haifumuki tena. Ikateni tepe.

Sasa toa mishono, anza kufumua kutoka shingoni. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uuchovye kwenye maji ya vuguvugu bila kuusugua, kisha uutundike ukauke. Ile mikunjo yote itanyooka.

Tuje kwenye mtande, yaani zile nyuzi zinazokazwa kwanza kwenye rimu. Tumia uzi wa pamba usiokatika ovyo. Rimu yangu ina matundu 36: natoka tundu la 1 kwenda la 19 mkabala, nazungukia nje naingia la 20, narudi la 2, hivyo hivyo mpaka yajae. Kaza sawasawa, halafu funga fundo pale katikati nyuzi zinapokutana.

Hesabu miale, yaani nyuzi zinazotoka katikati kwenda ukingoni: 36. Namba shufwa hiyo, na itakuponza. Ukifuma juu, chini, juu, chini, mzunguko wa pili utapita palepale ulipopita wa kwanza. Mimi niligundua baada ya mizunguko kumi na kitu, nikafumua yote huku nikijisema peke yangu. Dawa ni kuchukua miale miwili jirani ukaihesabu mmoja. Sasa unayo 35, na kila mzunguko unabadilisha zamu.

Mshindio, yaani uzi unaopita juu na chini ya mtande, unaanzia katikati. Anza na sufu nyembamba kwanza, ukitoka nje ongeza unene: akriliki, kisha tepe za fulana na leso zilizochakaa, upana wa sentimita 2 hivi. Sogeza kila mzunguko kwa uma wa mezani. Usivute! Ukivuta, miale inajikusanya na pambo linabinuka kama bakuli. Mwenye kupata sufu ghafi, ile ya kondoo inayosokotwa kwa mkono kule Nanyuki, aichomeke mafungu mafungu hapa na pale. Inapendeza kuliko chochote cha dukani, huo ni msimamo wangu.

Acha sentimita 5 kabla ya kufika ukingoni, mtande uonekane. Ficha ncha za nyuzi kwa nyuma. Tundika mbali na jua kali lisije likapausha rangi, na mara mojamoja litoe nje ulikung'ute, maana nondo wanaipenda sufu kuliko sisi.