Nani Amemleta Mgeni Studio?

Mhadhara uliotolewa Arusha mbele ya waandishi wa habari na wanafunzi wa uandishi

Shikamooni wakubwa zangu, na vijana hamjambo. Mwenyekiti namjua, muda ukiisha atanikata bila huruma, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Leo nawasema wapambe. Simaanishi wale wanaovaa kofia na kupiga vuvuzela kwenye msafara. Namaanisha yule mwenye simu mbili, anayejua namba ya kila mtayarishaji wa kipindi mjini hapa, na anayejua pia saa ngapi mtayarishaji huyo anaanza kuhangaika kutafuta mgeni wa kesho. Anapiga jioni: "Kaka, asubuhi mna nani? Nina mama mmoja wa pale Kilombero, anauza nyanya, ushuru umemchosha, na anaongea vizuri kweli." Mtayarishaji ana pengo la dakika kumi na tano. Asubuhi mama anashushwa getini na bodaboda iliyokwisha kulipiwa, anapewa maji, anakaa. Taa nyekundu inawaka, na mtangazaji anasema: "Tumepita sokoni Kilombero, tukakutana na mama huyu."

Mmepita saa ngapi?

Mama hajadanganya, maana ushuru anaulipa kweli na umemchosha kweli. Mpambe naye kafanya kazi anayolipwa. Uongo wote uko kwenye neno "tumepita", na neno hilo ni letu sisi. Msikilizaji wa Ngarenaro au Usa River ameambiwa kwamba ukienda sokoni bila mpango wowote utakutana na malalamiko haya, wakati ukweli ni kwamba kuna mtu alizunguka sokoni akichagua mdomo unaomfaa.

Sijasema tumkatae mama. Tukikataa kila mgeni aliyeletwa na mtu, vipindi vitabaki na mtangazaji na matangazo ya sabuni. Mtaalamu wa afya ameletwa na shirika lake, mkulima ameletwa na ofisa ugani, na mchungaji kajileta mwenyewe. Ninachodai ni sentensi moja tu ya kumwambia msikilizaji mgeni kafikaje.

Tena tunaijua sentensi hiyo, na tunaiandika vizuri sana tukiamua. Wananchi wakilalamika kwa namna isiyompendeza mwenye chombo, au isiyotupendeza sisi wenyewe, mara moja tunaandika: "Imebainika kuwa malalamiko hayo yaliratibiwa na kada wa chama fulani." Wakilalamika kwa upande tunaoupenda, tunaandika: "Wananchi wamepaza sauti." Simu ni ileile, bodaboda ni ileile. Nyani haoni kundule, ila nyani huyu wetu ana kipaza sauti.

Ugonjwa huu hatukuuanzisha sisi. Tarehe 10 Oktoba 1990, mjini Washington, binti wa miaka 15 aliyetambulishwa kwa jina moja tu, Nayirah, aliwaeleza wabunge wa Marekani kwamba aliona askari wa Iraq wakiwatoa watoto njiti kwenye mashine hospitalini Kuwait na kuwaacha sakafuni wafe. Televisheni zilirusha na Rais George Bush, yule baba, mwenyewe aliyarudia madai hayo mara kadhaa. Januari 1992, vita vya kuiondoa Iraq Kuwait vikiwa vimekwisha, ndipo umma ukaambiwa kwamba huyo ni binti wa balozi wa Kuwait nchini Marekani, na kwamba nyuma ya ushuhuda wake kulikuwa na kampuni ya mahusiano ya umma, Hill & Knowlton, iliyokuwa na mkataba na kundi lililogharimiwa kwa sehemu kubwa na serikali ya Kuwait. Maelezo ya nani kamleta yalichelewa zaidi ya mwaka. Kwa habari ya vita, mwaka ni umri wa makaburi.

Mwaka 2008 gazeti la New York Times lilionyesha jinsi Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, chini ya Rais George W. Bush wa chama cha Republican, ilivyokuwa ikiwaandaa makumi ya maofisa wastaafu wa jeshi ambao televisheni ziliwaita "wachambuzi huru". Walipewa taarifa za faragha na hoja za kuzungumza, wakapelekwa kutembezwa kwenye gereza la kijeshi la Guantánamo, na wengi wao walikuwa na uhusiano na kampuni zinazouza vifaa vya kijeshi. Mwandishi wa habari hiyo, David Barstow, alipata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Na televisheni zilizowatumia wachambuzi hao? Nyingi zilikaa kimya. Chombo ambacho kingemfukuza waziri kwa kuficha maslahi hakikuona habari pale maslahi yalipokaa kwenye kiti chake chenyewe.

Wasije wale wanaokipenda chama cha Democrat wakatabasamu mapema. Mwaka 2004 televisheni ya CBS ilirusha habari kuhusu utumishi wa George W. Bush jeshini, ikitegemea nyaraka ambazo baadaye ilishindwa kuthibitisha uhalisi wake. Mtayarishaji Mary Mapes, kabla ya habari kwenda hewani, alimpigia Joe Lockhart wa kampeni ya John Kerry, mgombea wa Democrat aliyeshindana na Bush, akimuunganisha na mtu aliyeleta nyaraka zile. Mtazamaji hakuambiwa. Jopo la uchunguzi lilimlaumu kwa simu hiyo, na Januari 2005 akafukuzwa. Na Julai 2024, baada ya Joe Biden kuvurunda kwenye mdahalo, mtangazaji wa redio WURD ya Philadelphia, Andrea Lawful-Sanders, alimhoji. Siku chache baadaye alikiri kwenye CNN kwamba watu wa Biden ndio waliomletea maswali manane, yeye akaidhinisha manne. Redio yake ikaachana naye.

Huyo dada namhurumia kidogo. Maswali ya kupewa yanapokelewa na wengi wanaolala usingizi mnono, hata humu ukumbini. Yeye aliulizwa akajibu kweli.

Turudi kwetu. Bahasha mnaijua, na siku hizi inaitwa nauli. Mwandishi akipewa nauli na mpambe kwenda kumhoji mtu, hiyo nayo ni sehemu ya nani kamleta mgeni. Tofauti ni kwamba safari hii aliyeletwa ni mwandishi. Iandikwe vilevile.

Kuna wanaosema itungwe sheria ya kulazimisha. Hapana, asanteni. Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake ni mjini hapahapa, iliamua Machi 2019 kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka mkataba wa Jumuiya. Ukimpa mwenye mamlaka kifungu cha "kutotaja aliyeratibu mahojiano", atakitumia kwa nani kwanza? Kwa redio ndogo isiyompigia makofi. Hili ni la mhariri, tena la mhariri mwenye kipimo kimoja. Kipimo chenyewe ni rahisi: kabla ya kwenda hewani, badilisha chama. Mama wa nyanya angeletwa na mpambe wa upande wa pili, ungemtaja mpambe huyo? Kama ungemtaja, basi na wa leo mtaje.

Na mtaje mwanzoni. Wapo wanaotii maadili kwa kunong'ona dakika ya mwisho, muziki ukiwa umeshapandishwa. "Mgeni wetu tumeunganishwa naye na ofisi ya mgombea, maswali ni yetu." Haimalizi sekunde tano. Mgombea atanuna? Anune. Na kama maswali si yenu, sema hivyohivyo.

Najua kuna wahariri hapa ambao hawakubaliani nami kwenye nauli, kwa sababu mishahara yao wanaijua wao. Kipaza sauti kianzie kwao.