Jinsi kamptothesini inavyokwamisha DNA: tuione kwa kamba

Haya wapendwa, karibuni. Leo ni kamptothesini, kemikali ya mti iliyozaa dawa za kansa. Kamba mbili, nyekundu na bluu, za mita moja moja, ndizo nyuzi mbili za DNA. Nyekundu nimeikata katikati nikaiunga kwa kibanio cha nguo. Zisokote pamoja, hilo mnalijua, twende.

Funga ncha za huku kwenye kitasa, za kule kwenye mguu wa meza. Kaza! Ncha zisizunguke. Wanafunzi wengi wanaharibu hapa, kwa hiyo narudia: zisizunguke hata kidogo, la sivyo msokoto unajifungua wenyewe na hutaona kitu.

Ingiza kidole kati ya kamba karibu na kitasa, kisukume kuelekea mezani. Kidole ndiyo mashine inayonakili DNA. Tazama mbele yake... subirini, mkono unaziba kamera. Haya. Mmeona zinavyobanana mpaka zinajikunja? Kidole hakipiti.

Sasa kibanio, yaani kimeng'enya topoisomerasi I, kinachokata uzi mmoja wa DNA, msokoto ukalegea, kisha kinauunga. Achia ncha moja ya nyekundu, nyingine ibaki imebanwa. Zungushia ile iliyo huru kwenye bluu, kinyume cha msokoto, mpaka zilegee, kisha unga. Umeangalia ncha za kitasani? Angalia tena! Sukuma: kidole kinateleza. Hatua hii naipenda kuliko zote.

Rudia kuachia, ila safari hii pachika kipande cha boksi kwenye mwanya. Hiyo ndiyo kamptothesini, ya mti wa Uchina, Camptotheca acuminata. Wanakemia Monroe Wall na Mansukh Wani waliitangaza Marekani mwaka 1966. Shikeni hili: dawa haikati DNA. Aliyekata ni kimeng'enya, dawa inamzuia kuunga.

Sukuma polepole... nyekundu imeachia! Kwenye seli, uzi mpya unaonakiliwa nao unaishia hapo hapo, DNA inakuwa imekatika nyuzi zote mbili. Seli inayonakili DNA muda huo ndiyo inaumia zaidi. Za kansa zimo, na za uboho pia, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, ndiyo maana chembe nyeupe za damu ya mgonjwa hushuka. Kwa hiyo msichemshe magome ya mti wowote! Kamptothesini yenyewe ilionekana na sumu kali mno; ndugu zake waliorekebishwa, topotekani na irinotekani, ndio walioidhinishwa Marekani mwaka 1996, nao hutolewa na daktari.

Seti ya kamba, vibanio na karatasi ya maelezo ninauza. Walimu wa kidato cha tano na sita, njooni inbox. Mlio Dar mnachukulia Kariakoo.